Sahani Tisa za Sheikhan

Mimi si mtu wa kuzungumza na maiti. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wa Mji wa Kale wana midomo, na nimeshasikia huko barazani ati Jamaldin siku hizi ahoji makaburi. Uongo mtupu. Nilimhoji marehemu mmoja tu, tena kwa amri ya mkubwa wangu wa kazi, na isitoshe hakunijibu.

Kazi yangu ni kusahihisha. Gazeti letu la wiki lachapwa kwenye kiwanda kidogo nyuma ya Marikiti, mahali ambapo harufu ya wino hugombana na harufu ya mananasi kutwa kucha. Mwaka huo wa sitini na saba nilikuwa nimetimiza miaka ishirini na miwili pale nikitafuta makosa ya watu wengine. Penseli juu ya sikio, kofia juu ya penseli. Nikiona kosa nasonya. Wenzangu walinizoea, na asiyenizoea alikwenda kukaa chumba cha pili.

Mhariri wetu, Bwana Dishon, kijana wa Kitaita mpole kupita kiasi, alinikuta siku moja nikisoma hadithi ya upelelezi saa ya chakula. Akanambia, "Mzee Jamaldin, wewe wazijua hadithi hizi kuliko waliozitunga. Kawahoji watunzi." Hilo la "mzee" halikunipendeza, lakini nusu ukurasa kila mwezi nilipokea. Na niseme kweli: ile nusu ukurasa ndiyo iliyokuwa maisha yangu. Nyumbani kwangu Kibokoni sikuwa na mtu wa kumwambia hata funga mlango. Nikipata mtunzi wa kuhoji, nilikuwa na mtu wa kuzungumza naye saa mbili nzima, na yeye hana ruhusa ya kuondoka.

Basi nikahoji. Nilimhoji Katana, karani wa Kilindini, ambaye maiti wake wote hukutwa ndani ya makreti. Nilimwuliza kwa nini. Akanambia, "Mzee wangu, mimi naona makreti toka asubuhi hadi jioni, wataka niwaweke wapi?" Nilimhoji mwalimu mmoja wa Rabai aliyekataa kunitajia muuaji wa kitabu chake mpaka nikinunue. Nikanunua, na muuaji nikamjua ukurasa wa nne. Watunzi wa hadithi hizo kwetu si wengi. Kufika mwezi wa Shaabani nilikuwa nimewamaliza wote walio hai.

"Basi hoji aliyekufa," akasema Dishon. "Chagua mtunzi ambaye ungetamani ukutane naye. Maswali uulize wewe, majibu uyatoe kwenye vitabu vyake. Wasomaji watapenda. Kwa mfano huyu Sheikhan fundi saa, aliyezikwa mwezi uliopita. Nasikia mlikuwa mkifahamiana."

Tulikuwa tukifahamiana! Astaghfirullah.

Mimi na Sheikhan tulisoma chuo kimoja cha Kurani, kwenye ubao mmoja, tukachapwa kwa henzirani moja. Yeye akaja kuwa fundi saa, na duka lake Ndia Kuu lilikuwa jembamba hata mteja akiingia sharti fundi arudi nyuma. Mchana alifungua saa za watu, na jioni alitunga mauaji. Vitabu vyake vilikuwa vyembamba, vya karatasi duni, na vilisomwa mpaka vikachanika. Kila alichoandika nilikisoma mimi kwanza. Tulikaa kwa muuza kahawa, nikimkatia sentensi, yeye akilalamika kwamba namchinjia watoto. Sikuwa na ndugu wa tumbo moja. Nilikuwa na Sheikhan.

Mwaka wa hamsini na nane alitoa kitabu kiitwacho *Kikombe cha Tatu*, na kwa mara ya kwanza hakunipa nikisome. Nilikiona siku moja na watu wote. Nikafungua, na lo! Muuaji mle ndani ni mtu mmoja msahihishaji wa gazeti, aitwaye Maalim Badi, aliyeficha penseli chini ya kofia, aliyenusa kahawa mara tatu kabla ya kuinywa, na kila akiulizwa jambo hujibu, "Haya, tutaona." Mimi ndiye nisemaye haya tutaona. Mimi ndiye ninusaye kahawa, toka utotoni, kwa sababu mama yangu alinifundisha kuangalia kama imeungua. Na huyo Maalim Badi amtilia sumu nani? Baba wa mwanamke aliyemposa.

Sasa sikiza. Wakati ule ule posa yangu ilikuwa imekwenda Kuze, kwa baba yake Swabaha. Nilikuwa na umri wa miaka hamsini, si kijana, na sikudhani nitapata tena mtu kama Swabaha, mwanamke aliyeweza kucheka huku akikukosoa. Mzee wake hakuwa mjinga. Hakuamini hata kidogo kwamba mimi ni muuaji. Alichokataa ni kuchekwa. Kila apitapo watu wamwambia, "Ami, kahawa ya mkweo uionje kwanza." Jibu likaja kwamba wameomba muda. Muda huo haujaisha mpaka leo. Swabaha aliolewa Malindi kabla mwaka haujageuka.

Nilikwenda dukani kwa Sheikhan nikamwambia mbele ya wateja, "Mimi na wewe basi." Akacheka. Akasema, "Jamali, ni hadithi tu!" Lau angetukana ningemsamehe jioni ile ile. Kile kicheko ndicho kilichonichoma.

Mji wa Kale si mkubwa. Kuna vichochoro ambavyo mtu akinyosha mikono agusa nyumba mbili. Kumkwepa mtu humo miaka tisa ni kazi ya pili, haina likizo wala Jumapili. Nilijua saa yake ya kufungua duka, nilijua aswali msikiti gani alasiri, nilijua siku zake za Marikiti. Akija njia hii, nashika ile. Wallahi hata mke hajui nyendo za mumewe kama nilivyozijua za adui yangu.

Ramadhani ya kwanza baada ya ugomvi, dakika chache kabla ya adhana ya magharibi, mlango ukabishwa. Alikuwa Kanze, mama wa Kigiriama aliyefanya kazi nyumbani kwa Sheikhan na dada yake mjane, Bi Mwanaesha. Mikononi ana sahani imefunikwa kawa. "Bwana Sheikhan akusalimu," akasema. "Asema hii ni futari yako."

Nikafunua: kaimati, bado zina moto, shira yang'ara.

Kila aliyelelewa na watu ajua sheria ya sahani. Futari ya jirani hairudishwi mlangoni. Na sahani ikishaliwa hairudishwi tupu. Ukiirudisha tupu umetukana. Umesema baina yetu hakuna kitu. Ukiirudisha na chochote, hata ndizi mbili, umesema yamekwisha, tuwe kama zamani. Basi mimi nikakwama. Tupu siwezi, nina malezi. Na kitu siwezi, nina hasira. Kaimati nilizila zote, maana chakula hakina kosa. Sahani nikaiosha, nikaikausha, nikaisukuma mvunguni mwa kitanda.

Mwaka wa pili Kanze akaja tena. Sahani nyingine, sambusa. Nikala, nikaosha, mvunguni. Mwaka wa tatu, viazi vya nazi. Kila mwaka sahani mpya, na kila mwaka nilisema moyoni, mwakani nitajua la kufanya. Zikafika tisa.

Kisha mwezi wa Rajabu Sheikhan akafa. Walimkuta ameinama juu ya meza yake, saa ya mtu iko wazi mbele yake yaendelea kupiga. Tulimzika baada ya alasiri. Nilikwenda, hata mimi sina roho ya kutokwenda. Kaburi lilipokwisha fukiwa, mwalimu aliyesimamia akatugeukia akasema, "Marehemu alikuwa binadamu. Aliyekosewa naye, amsamehe." Watu wote wakaitika, tumesamehe. Neno moja tu, jepesi. Mdomo wangu haukufunguka. Nilisimama pale na udongo vidoleni, nikamwacha mwenzangu alale chini na hasira zangu.

Hiyo ndiyo hali niliyokuwa nayo Dishon aliponambia, hoji marehemu. Nilimwambia, "Haya, tutaona."

Jumapili adhuhuri nilikaa nyumbani na karatasi. Nikamimina kahawa vikombe viwili. Usinicheke. Nilitaka akae pale, upande wa pili wa mkeka, ajibu kama watunzi wengine walivyojibu. Nikaandika swali la kwanza: *Kwa nini mimi?* Kisha nikamwandikia jibu: "Nisamehe, ndugu yangu Jamaldin, nilikukosea kosa kubwa na najuta." Nikalisoma. Nikasonya. Sheikhan hakuwahi kusema sentensi kama ile tangu azaliwe. Nikaifuta. Nikamwandikia jibu la kejeli. Nalo halikuwa lake. La tatu, la nne, mpaka karatasi ikawa nyeusi. Miaka ishirini na miwili nimesoma maneno ya watu, namjua mwandishi kwa mkato wake, na sauti ya mtu huyu niliyekua naye sikuweza kuipata hata kwa neno moja. Nilikuwa nimekaa miaka tisa bila kuisikia. Ilipofika alasiri kahawa ya kikombe chake ilikuwa imepoa, nikainywa mwenyewe, na niliogopa. Niliogopa kwamba ndivyo itakavyokuwa mpaka nife: mimi nauliza na mimi najibu.

Nikavaa kanzu safi nikaenda kwa Bi Mwanaesha.

Alinipokea dakani, penye baraza za mlangoni, Kanze amekaa kizingitini na ungo wa mchele. Bi Mwanaesha alinijua toka nina meno ya utoto. Ni mkubwa kwetu sote wawili, mimi na marehemu. Nilimwona amekonda. Nyuma yake, ukumbini, palikuwa na masanduku yamefungwa kamba.

"Shikamoo, Bi Mwanaesha."

"Marahaba, Jamali. Leo njia imekuleta? Au umepotea?"

Nikamweleza habari ya gazeti. Nikasema nataka kumhoji marehemu na majibu yamenishinda, basi nimekuja kumwuliza yeye aliyekaa naye. Alinitazama mpaka nikaangalia viatu vyangu.

"Uliza," akasema.

"Kwa nini alinifanya muuaji?"

Alicheka kidogo, cheko la uchovu. "Hilo ndilo? Nami nilimwuliza. Nilimwambia, Sheikhan, una wazimu, mtie mtu mwingine. Akanambia, dada, muuaji wa hadithi sharti awe mtu ambaye msomaji angempa ufunguo wa nyumba yake. Nimezunguka Mvita nzima nikitafuta mtu wa namna hiyo, nimemwona mmoja. Alidhani utafurahi, Jamali. Ndiyo maana hakukuonyesha kwanza. Alitaka ushangae."

Nikasema kwa ukali, maana ukali ndio nilionao karibu, "Nilishangaa! Na Swabaha je?"

"Kuze alikwenda mara mbili kumwomba baba yake. Mara ya pili hakufunguliwa mlango."

"Hakunambia."

"Angekwambia wapi, mwanangu? Kila akitokea hapa, wewe unaishia kule. Duka alilifunga mapema makusudi akutane nawe, nawe ukabadilisha njia."

"Angeweza kutaka radhi! Miaka tisa!"

Hapo Bi Mwanaesha aliniinulia kidole, kama alivyokuwa akituinulia tukimwibia maembe machanga. "Na zile sahani zilikuwa nini? Ulitaka akuandikie barua?"

Kanze aliacha kupepeta mchele. Bi Mwanaesha akaingia ndani, akarudi na daftari la shule, jalada limechakaa, la namna aliyokuwa akitumia Sheikhan kupangia hadithi zake. Mle huandika maiti alikutwa wapi, nani alikuwa wapi, nani asema uongo. Akanifungulia kurasa za mwisho. "Soma. Hii ndiyo iliyomshinda."

Mwandiko nikaujua kabla ya maneno. Nayaandika hapa kama yalivyo; sikusahihisha.

*Ramadhani ya kwanza. Sahani haikurudi. Labda imevunjika. Jamali hana mkono wa vyombo.*

*Ya pili. Haikurudi. Kanze aapa Jamali aliipokea kwa mikono miwili na akasema ahsante. Kwa hiyo hakuikataa. Mtu asiyekataa wala asiyerudisha, ataka nini? Ingerudi tupu ningejua bado ana hasira, ningekwenda nitukanwe yaishe. Ingerudi na kitu ningekwenda mbio.*

*Ya tatu. Nimenunua ya maua ya kijani. Labda ile ya buluu haikumpendeza.*

*Ya tano. Nimemwona Marikiti achagua ndizi mbili. Moyo ukanipiga. Nimekaa nyumbani siku tatu nikingoja. Kumbe za kula mwenyewe.*

*Ya saba. Nimefika mpaka mlangoni kwake. Nikamsikia asoma kwa sauti, peke yake, akisonya. Nikacheka. Kisha nikaona haya kubisha, nikarudi.*

*Ya tisa. Sijui. Nimetunga wauaji kumi na mmoja na wote najua sababu zao. Huyu mmoja amenishinda. Nikijaaliwa, Ramadhani ijayo sahani nitaipeleka mwenyewe, nimwulize mdomo kwa mdomo: Jamali, sahani zi wapi?*

Nililia. Sioni haya kulisema. Nililia dakani mwa watu, mchana kweupe, mbele ya wanawake wawili, na mpita njia akatoa salamu nikashindwa kuitika. Sauti niliyoitafuta kutwa nzima ilikuwa ile, kila mkato wake, na ilikuwa ikiniuliza mimi. Nilikuwa nimejiandalia maswali yote, na mwenzangu alikuwa na moja tu, na miaka tisa nilimnyima jibu ambalo lilikuwa mvunguni mwa kitanda changu.

Bi Mwanaesha aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Mimi naondoka Jumatano, nakwenda Lamu kwa binti yangu. Nyumba hii ni kubwa kwa mtu mmoja. Ukiwa na la kuniletea, lete kabla."

Jumatatu sikwenda kazini, jambo ambalo Dishon alidhani ni msiba. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Basi niliinama, na mgongo wa miaka hamsini na tisa ukanipigia kelele, nikazitoa moja moja. Nikazipanga juu ya mkeka. Kweli moja ilikuwa na maua ya kijani. Nilizisafisha tena ingawa zilikuwa safi, kisha nikaenda Marikiti. Nilinunua tende, maembe, machungwa, korosho, halua nzuri ya mafuta. Hamali mmoja niliyemzoea, Mung'aro, akanibebea tenga. "Mzee Jamaldin," akasema, "hatimaye waoa?"

"Nyamaza, beba."

"Basi nani atakula yote haya?"

Nikamwambia sijui, na kweli sikujua.

Nyumbani nikakanda unga, nikajaribu kaimati kwa mkono wangu mwenyewe. Zilitoka ngumu kama vifungo vya koti. Nikazitia sahanini vivyo hivyo, shira juu. Sahani nane zikajaa. Ya tisa nilikaa nayo muda mrefu, kisha nikaweka ndizi mbili.

Jumanne alasiri tuliingia dakani kwa Bi Mwanaesha, mimi mbele na Mung'aro nyuma, sahani zimefunikwa ndani ya matenga mawili. Nilizitoa nikazipanga kwenye baraza, moja baada ya moja, na mama yule akasogea karibu. Alifunua kila moja akaitazama. Kaimati aliichukua moja akaigonga kwenye baraza, ikalia, Kanze akacheka kwa pua. Alipofunua ya tisa akaona ndizi mbili, alivuta ukingo wa leso akajifunika uso.

Nikasema, "Bi Mwanaesha, siku ya mazishi walipotaka tumsamehe, mimi nilinyamaza."

"Najua. Mung'aro huyu huyu alikuwepo makaburini, alimwambia Kanze. Mji huu una siri?"

"Nasema sasa. Nimemsamehe. Nimemsamehe duniani na akhera. Nami nani atanisamehe?"

Alifunua uso. "Yeye hakuwa na la kukusamehe, Jamali. Alikuwa na swali tu."

Akamwambia Kanze azigawe sahani kwa majirani, kila nyumba moja, aseme ni sadaka ya Sheikhan. Ndizi mbili hakuzigawa. Moja alinipa mimi, moja akala yeye, tukakaa barazani tunatafuna, wazee wawili, na masanduku yake nyuma yetu. Nilipoinuka kuaga alisema, "Ngoja," akaingia ndani. Alitoka na kitu kimefungwa karatasi na uzi.

"Aliinunua Biashara Street wiki ile ile aliyokufa. Alisema safari hii hatumi mtu." Akaniwekea mikononi. "Nilifikiri niijaze. Lakini hii ilikuwa yake ya kujaza. Ichukue ilivyo."

Nilifungua nilipofika nyumbani. Sahani ya kumi, nyeupe, ukingo wa buluu, haina hata alama ya kidole.

Nusu ukurasa wangu niliuandika asubuhi ya pili. Nikaweka swali la marehemu, moja, kwa maneno yake: sahani zi wapi? Chini yake nikajibu. Nilisema zilikuwa mvunguni, zote tisa, safi. Nilisema sikuzirudisha tupu kwa sababu nilimpenda, na sikuzirudisha na kitu kwa sababu nilikuwa mpumbavu, na nilidhani kuna mwakani siku zote. Dishon aliusoma akakuna kichwa. "Mzee, mbona aliyekufa ndiye anayehoji?"

"Ndiye mwenye swali," nikamwambia.

Ukurasa uliteremka kiwandani bila mimi kuupitia, na ulitoka na makosa mawili ya herufi. Sikuweza kuusoma mara ya pili.

Bi Mwanaesha alisafiri. Kanze alirudi kwao Kaloleni. Mlango wa nyumba ile una kufuli kubwa, na mimi sasa napita njia ile kila siku, asubuhi na jioni, sina wa kumkwepa.

Ramadhani iliandama mwanzo wa Disemba. Siku ya kwanza nilirudi mapema. Nilikuwa nimejifunza, kaimati zilitoka laini kiasi cha kuliwa. Nikazitia kwenye sahani ya kumi, nikamwaga shira, nikafunika kawa. Nikatandika mkeka na kukaa karibu na mlango, kama nilivyokaa miaka tisa nikijisingizia kwamba singoji mtu. Nikasikia nyayo za watu wanaopeleka futari huku na huku kichochoroni, hodi mlango wa jirani, hodi mlango wa pili. Adhana ikatoka. Nikafungua kwa tende na maji.

Sahani hairudishwi tupu, na hii nimeijaza. Ipo hapa mbele yangu, moto wake unaisha. Sasa nani atanambia niipeleke wapi?